Kompyuta moja kwa chuo kizima: namna Dartmouth ilivyogawa mashine yake kwa wanafunzi wote

Saa kumi ya usiku, kuamkia Ijumaa tarehe 1 mwezi wa tano 1964, watu walikuwa wangali kazini katika chumba cha chini cha jengo moja la chuo cha Dartmouth. Chuo hicho kiko Hanover, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani. Ndani ya chumba mlikuwa na kompyuta moja tu, na mashine mbili za kuandikia zilizofungwa nayo kwa waya. Kwenye kila mashine programu ndogo ilikuwa tayari. Amri ya kuanza ikaandikwa huku na huku kwa wakati mmoja. Kisha mashine zote mbili zikaanza kupiga majibu kwenye karatasi, kila moja na jibu lake, na yote mawili yalikuwa sawa.

Mtu wa leo, aliyezoea kuona watu kumi wamekaa ndani ya siberi moja ya mjini, kila mmoja na kioo chake, anaweza kuona habari hii ndogo. Lakini wakati ule kompyuta ilitumikia mtu mmoja kwa mara moja, wengine wakingoja nje. Ilikuwa ya bei kali, ilijaza chumba, na walioruhusiwa kuikaribia ni mafundi wachache. Mwanafunzi wa kawaida hakuigusa. Usiku ule wa Hanover uligusa swali ambalo kila familia iliyowahi kupanga bidoni kwenye robine moja ya kambi inalijua vizuri: kitu ni kimoja, watu ni wengi, nani achote kwanza, na nani atarudi mikono mitupu?

Mwaka huo wa 1964 wazee wa Uvira na Fizi wanaukumbuka kwa jambo lingine, maana ndio mwaka wa vita vya Mulele. Hanover hakukuwa na vita. Hata hivyo, mmoja wa waalimu wawili walioongoza kazi ile alijua tangu utoto maana ya kuacha nyumba na kwenda kuanza upya ugenini.

Mtoto wa Budapest

John Kemeny alizaliwa tarehe 31 mwezi wa tano 1926 katika mji wa Budapest, inchini Hungaria, katika familia ya Wayahudi. Mwaka wa 1938, Ujerumani ya Hitler ilipoinyakua inchi jirani ya Austria, baba yake aliona mambo yanaelekea wapi. Akatangulia peke yake Marekani kutafuta mahali pa kuweka familia. Wengine walibaki wakingoja, na walifika New York mwanzoni mwa mwaka wa 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya. John alikuwa na miaka 13. Babu yake alikataa kuondoka. Mzee huyo, pamoja na ndugu wengine wa familia, aliuawa katika mauaji ya Wayahudi.

Huko New York mtoto aliingia masomo ya sekondari, Kiingereza chake kikiwa bado kidogo. Miaka mitatu baadaye alimaliza akiwa wa kwanza, akaenda chuo kikuu cha Princeton kusoma hesabu. Watu watasema alikuwa na akili ya pekee, na ni kweli. Lakini vilevile alikuta shule ya serikali iliyompokea mtoto wa mgeni na kumweka darasani pamoja na wengine. Hapa kwetu wazazi wengi waliohama wanajua si kila mtoto anakuta hivyo.

Mwaka wa 1945, akiwa askari kijana, Kemeny alipelekwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, mahali pa siri ambapo mabomu ya kwanza ya atomiki yalitengenezwa. Hapo hadithi hii inapita Congo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka kwenye mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji unaoitwa leo Likasi. Wakongo waliichimba bila kuambiwa inakwenda kufanya kazi gani. Kemeny hakushika urani. Yeye alishika hesabu, chini ya mwanafizikia Richard Feynman. Kufwatana na maelezo aliyotoa mwenyewe miaka mingi baadaye, walikuwa watu wapatao 20 na mashine 17 za kuhesabia, wakipokezana zamu mchana na usiku. Mlinganyo mmoja uliwachukua karibu wiki tatu. Mashine hazikufahamu chochote: watu ndio waliobeba makadi kutoka hii kwenda ile, hatua kwa hatua, na mtu akikosea kadi moja kazi ilirudi nyuma.

Baada ya vita alirudi Princeton, akawa msaidizi wa hesabu wa Albert Einstein kati ya 1948 na 1949, akapata udaktari akiwa na miaka 23. Mwaka wa 1953 alikwenda kufundisha Dartmouth, na muda si mrefu akawa mkuu wa idara ya hesabu. Mwaka wa 1956 alimleta kijana mwingine aliyetoka Princeton, Thomas Kurtz, mzaliwa wa jimbo la Illinois, aliyejua takwimu.

Sanduku la chuma ndani ya treni

Dartmouth haikuwa na kompyuta. Iliyoweza kutumiwa ilikuwa kwenye chuo cha MIT, karibu na Boston, safari ya zaidi ya kilometa 200. Vyuo vya eneo lile vilipewa muda kidogo kwenye mashine hiyo ya IBM, na Kurtz ndiye aliyekuwa anakwenda. Kila baada ya wiki mbili hivi alipanda treni ya asubuhi na sanduku la chuma lililojaa makadi yaliyotobolewa matundu. Kila kadi ilibeba mstari mmoja wa programu. Ndani ya sanduku mlikuwa kazi yake na kazi ya wenzake wa chuo.

Akifika, alikabidhi makadi kwa wafanyakazi wa mashine, akangoja. Kama kwenye kadi moja mtu alikuwa amesahau koma, mashine ilikataa kazi nzima, na mwenye kazi alingoja safari nyingine. Anayejua mambo ya kutoka kijijini kwenda mjini kutafuta karatasi ya serikali, akafika dirishani akaambiwa picha haionekani vizuri, arudi siku nyingine, ameelewa kabisa maisha ya watumiaji wa kompyuta wa miaka ile.

Ni katika safari hizo Kurtz alipojifunza jambo lililomtumikia baadaye. Wakati huo mafundi waliamini kwamba programu nzuri ni ile iliyoandikwa kwa lugha ngumu ya mashine yenyewe, kusudi muda wa mashine usipotee. Kurtz alijaribu hivyo, akamaliza saa nzima ya kompyuta bila kupata jibu. Kisha akaandika kazi ileile kwa lugha mpya iliyo rahisi zaidi kwa mtu, iliyoitwa FORTRAN, na jibu likatoka kwa dakika kama tano. Lugha iliyodharauliwa kuwa ya wavivu ndiyo iliyookoa muda.

Mwaka wa 1959 Dartmouth ikanunua kompyuta yake ya kwanza, LGP-30, yenye ukubwa wa meza ya ofisi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kukaa mbele yake. Waalimu wakafanya jambo ambalo vyuo vingine havikuthubutu: waliwaachia wanafunzi wa miaka ya kwanza waitumie. Vijana hao wakaandika juu ya mashine ile ndogo programu za kutafsiri lugha za kompyuta, kazi iliyodhaniwa kuwa ya mafundi wa makampuni makubwa. Kemeny na Kurtz hawakusahau walichokiona.

Maktaba isiyo na mlinzi

Mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha Dartmouth, John McCarthy, alikuwa amehamia MIT. Yeye na wenzake walikuwa wakizungumza juu ya kugawa muda wa kompyuta: badala ya mtu mmoja kuikamata mashine hadi amalize, iruke haraka kutoka kwa mtu huyu hadi mwingine, sekunde kidogo kwa kila mmoja. Binadamu anafikiri polepole na kuandika polepole. Wakati mmoja anakuna kichwa akitafuta kosa lake, mashine inaweza kuwatumikia wengine kumi na kumrudia kabla hajaona kwamba iliondoka. McCarthy akamwambia Kurtz kwamba Dartmouth inapaswa kufanya hivyo.

Kurtz akalipeleka shauri hilo kwa Kemeny, na akaongeza la kwake, ambalo ndilo kubwa: wanafunzi wote wa chuo wajifunze kompyuta, si wale wa sayansi tu. Pale Dartmouth, karibu robo moja tu ya wanafunzi walisoma sayansi ao uhandisi. Robo tatu walikuwa wa historia, fasihi, siasa, uchumi. Waalimu hao wawili waliona kwamba ni hao wa robo tatu watakaokuja kuongoza makampuni na ofisi za serikali, na kuamua mambo ya kompyuta bila kuwahi kuigusa. Aliyesoma fizikia atajitafutia njia mwenyewe. Wa fasihi ndiye atakayeachwa nje kama hakuna anayemfungulia.

Mfano walioutumia ulikuwa maktaba yao. Mwanafunzi wa Dartmouth aliingia maktaba, akatembea kati ya rafu, akachukua kitabu anachotaka. Hakuna aliyemwuliza sababu wala kumtumia hesabu ya kulipa. Walitaka chumba cha kompyuta kiwe vilevile. Mahali pengine mtu alijaza fomu, akaeleza kazi yake ina faida gani, na idara yake ikatozwa pesa kwa kila dakika. Katika chumba cha namna hiyo, anayekosa ni yule asiyejua bado anatafuta nini, yaani mwanafunzi mwenyewe.

Haikuwa kazi ya maneno matupu, pesa zilihitajika. Mfuko wa serikali ya Marekani wa kusaidia sayansi ulitoa dola 300 000. Kulikuwa na wataalamu waliotia shaka, maana mpango ulisema programu kuu ya mashine itaandikwa na wanafunzi ambao hawajapata hata diploma. Kampuni ya General Electric iliwapunguzia bei ya mashine mbili, GE-225 na Datanet-30, ambazo zilifika mwezi wa pili 1964. Wanafunzi wawili, Michael Busch na John McGeachie, walibeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzifanya mashine hizo zizungumze. Kemeny mwenyewe alikuwa ameshaanza kuandika lugha mpya. Baada ya miezi mitatu hivi, ukafika ule usiku wa mwezi wa tano.

Namna ilivyotumika

Kazi iligawanywa kati ya mashine mbili. Datanet-30 ilikuwa kama mtu wa mapokezi: ilisikiliza mashine zote za kuandikia, ikakusanya herufi zilizopigwa, ikatunza zamu. GE-225 ndiyo iliyopiga hesabu. Wa mapokezi alimpelekea kazi moja, akamwachia sekunde chache. Kama haijaisha iliwekwa kando ikangoja, kazi nyingine ikaingia. Kazi fupi zilipendelewa. Na kwa kuwa programu nyingi za wanafunzi zilikuwa fupi sana, wengi walipata jibu palepale. Mwenye kazi ndefu ndiye aliyengoja, si kinyume chake. Yeyote aliyewahi kusimama na bidoni moja ya litre 20 nyuma ya mtu mwenye mapipa sita atauona utaratibu huo kuwa wa haki.

Kemeny alishikilia kipimo kimoja: mtu asingoje zaidi ya sekunde kama kumi. Akingoja zaidi, alisema, anaacha kujisikia kwamba kompyuta ni yake.

Chumba chenyewe hakikuwa na vioo vya kutazamia. Mtumiaji alikaa mbele ya taipu nzito ya simu ya maandishi, yenye makelele, iliyopiga herufi kubwa tu, kama herufi kumi kwa sekunde, kwenye karatasi ndefu iliyoviringwa. Alianza kwa kuandika HELLO, salamu ya Kiingereza, kama mtu anayepiga hodi. Mashine ilimwuliza namba yake. Akiisha kutajwa alikaribishwa: aliandika NEW kama analeta kazi mpya, OLD kama anarudia ya zamani aliyoiweka ndani ya mashine. RUN ilikuwa amri ya kuifanya programu itembee. Alipomaliza aliaga kwa GOODBYE, nafasi ikawa ya mwingine.

Lugha ya kuandikia programu iliitwa BASIC. Maneno yake yalikuwa machache, kama kumi na matano, na yalichaguliwa kati ya maneno ya kila siku ya Kiingereza: andika, enda, kama, mwisho. Kila mstari ulikuwa na namba mbele, na kwa desturi watu waliruka kumi kumi: 10, 20, 30. Faida yake ilikuwa wazi. Aliyesahau jambo kati ya mstari wa 10 na wa 20 aliandika mstari wa 15, mashine ikauweka mahali pake. Aliyekosea mstari wa 30 aliandika 30 upya, kosa likafutika. Mtu hakubeba makadi, hakupanda treni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walifundishwa lugha hiyo katika masomo ya hesabu kwa masaa mawili matatu tu, kisha wakaachwa wakajaribu wenyewe.

Mwanzo kulikuwa na taipu chache sana. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1964 zilikuwa kama 20. Baadaye zikatawanywa katika majengo mbalimbali ya chuo. Mwezi wa kumi na mbili 1966 likafunguliwa jengo lililojengwa kwa ajili ya kompyuta, kwa pesa za mjenzi tajiri Peter Kiewit. Wanafunzi walifanya ndani yake kazi za masomo, na walicheza pia. Kemeny mwenyewe aliandika mchezo wa mpira wa Kimarekani baada ya timu ya chuo kuishinda Princeton mwaka wa 1965. Waalimu wakali wangefukuza wachezaji. Hawa wawili waliwaacha, kwa sababu waliona kwamba anayecheza na mashine haiogopi tena.

Pale ambapo zamu ilikuwa fupi

Dartmouth haikuwa ya kwanza kugawa kompyuta. MIT walikuwa wameonyesha mfumo wao tangu mwezi wa kumi na moja 1961, ukiongozwa na Fernando Corbató. Na ni huko yalipotokea mambo mawili ambayo kila anayetumia kompyuta ya wengi angefaa kuyajua.

Kwa kuwa watu wengi waliweka kazi zao ndani ya mashine moja, Corbató na wenzake walimpa kila mtumiaji neno la siri, kama kufuli ya sanduku lake. Muda vilevile uligawanywa kwa kipimo. Mwanafunzi wa udaktari, Allan Scherr, alipewa masaa manne kwa wiki, na kazi yake ilihitaji mengi zaidi. Mwaka wa 1962 aligundua kwamba mtu anaweza kuomba faili yoyote ichapwe kwa kuleta kadi moja tu. Usiku wa Ijumaa aliacha kadi iliyoomba faili ya maneno yote ya siri. Jumamosi asubuhi alikuta karatasi yake imewekwa pamoja na za wengine, akaichukua. Tangu hapo alitumia muda wa wenzake. Aliwagawia pia wengine maneno hayo, kusudi lawama isimwangukie yeye peke yake, na mmoja wao akaingia kwa jina la mkuu wa maabara kumwachia maneno ya utani. Scherr alikiri baada ya karibu miaka 25. Wizi huo wa kwanza unaojulikana wa maneno ya siri haukufanywa na adui. Ulifanywa na mwanafunzi mwenye bidii aliyepimiwa kidogo.

Jambo la pili lilitokea pale pale miaka michache baadaye. Wasimamizi wawili wa mfumo walikuwa wakirekebisha faili kwa wakati mmoja, kwenye sehemu moja ya mashine: mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuandikia ilitumia jina lilelile kwa nakala za muda za wote wawili, na faili zikabadilishana. Kila aliyeingia mchana ule, badala ya tangazo, alichapiwa maneno ya siri ya watu wote. Hakuna aliyeiba. Watu wawili waliweka tu makaratasi yao juu ya meza moja bila mpaka.

Desturi ya kuaga mashine kabla ya kuiacha inapata maana yake hapo. Katika siberi na maduka ya kuandikia ya miji yetu, mtu anaingiza neno lake la siri la barua ao la pesa za telefone, anaitwa nje, anaondoka. Nyuma yake akaunti inabaki wazi kwa anayekalia kiti. Wanafunzi wa 1964 walifundishwa HELLO na GOODBYE siku moja.

Waliofikiwa na wasiofikiwa

Waya za simu ziliwezesha taipu kuwekwa mbali na Hanover. Shule ya sekondari ya mji ule iliunganishwa mapema, na mwishoni mwa miaka ya 1960 shule nyingine za sekondari za majimbo jirani zikafuata, kwa msaada wa mfuko uleule wa sayansi. Watoto wa miaka 14 ao 15 walikuwa wakiandika programu kwenye kompyuta iliyo mji mwingine. Kampuni ya General Electric nayo ilichukua mfumo wa Dartmouth ikauuza kama huduma. Mwaka wa 1968, upande wa pili wa Marekani, akina mama wa shule moja ya Seattle waliuza vitu vilivyotumika wakalipia taipu na muda wa huduma hiyo. Mmoja wa watoto walioketi mbele yake alikuwa Bill Gates, akiandika BASIC. Bidhaa ya kwanza ya Microsoft, mwaka wa 1975, ilikuwa BASIC kwa kompyuta ndogo ya Altair. Kemeny na Kurtz walikuwa wameiacha lugha yao bila kuitoza watu. Waliokuja baadaye ndio waliotajirika nayo.

Lakini isisemwe kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Dartmouth ilikuwa chuo cha wanaume. Wanawake walitumika kwenye kituo cha kompyuta kama wafanyakazi, lakini hawakuweza kuandikishwa kuwa wanafunzi wa chuo. Wasichana waliokutana na mfumo ule waliukuta kwenye shule za sekondari zilizounganishwa, si Hanover. Chuo kilikuwa cha ada kubwa pia. Maktaba isiyo na mlinzi inamfaa yule aliyekwisha kuingia uwanjani.

Hilo la wanawake, Kemeny ndiye aliyeliondoa. Mwaka wa 1970 alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo chote, na mwaka wa 1972 wanawake wakaanza kuandikishwa. Wakati wake pia chuo kilirudia kuwatafuta wanafunzi wa makabila ya asili ya Marekani, ambao kilianzishwa kwa jina lao mwaka wa 1769 na kikawasahau kwa muda mrefu. Akiwa mkuu, aliendelea kuingia darasani kufundisha hesabu. Alikufa tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1992.

Kurtz, mbeba sanduku la makadi, aliishi hadi tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2024, akiwa na miaka 96. Jengo la Kiewit halipo tena, lilibomolewa. Tangu mwaka wa 2019 kuna kibao cha serikali ya jimbo kando ya barabara inayotoka Lebanon kwenda Hanover. Kinasimulia habari za lugha ya BASIC, iliyozaliwa katika mji ule mdogo.